Nina milioni 9, gari yangu ya kwanza, nipo Dodoma: nichukue Passo au IST?

MamaZuu_Nkuhungu

Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri wa kweli maana kila ninayemuuliza kazini ananiambia lake, na wengine naona wana gari za kuniuzia. Mimi ni mwalimu, naishi Nkuhungu nafundisha kule Ihumwa, kila siku ni daladala mpaka Sabasaba alafu nashika nyingine ya barabara ya Dar, na watoto wawili nawaacha shule njiani. Msimu huu wa mvua tumenyeshewa mpaka mdogo akaumwa kifua, ndo nikasema sasa basi. Nimevunja kikoba nikaongeza mkopo kidogo wa saccos, nna milioni 9 taslimu na hiyo ndo yote, nyuma yake hakuna kitu. Leseni ninayo daraja D ila sijawahi kumiliki hata pikipiki.

Nimeonyeshwa gari mbili. Moja Passo ya cc 990, namba D, ya mama mmoja mtumishi anakaa Area D, anataka 7 na nusu. Ya pili IST nyeusi namba E, dalali anasema imetoka Dar juzi tu haina hata mchubuko, anataka 9 kamili na anasema kuna mtu wa Kisasa kashaitolea ahadi kwaiyo niwahi.

Kikubwa kwangu ni mafuta. Pia sikukuu nataka niwe naenda nyumbani Haubi, mpaka Kondoa ni lami ila ile ya kupandisha Haubi ni vumbi na milima. Nasikia Passo ina pistoni tatu inakufa haraka, ni kweli? Na namba E si ina maana gari ni mpya kuliko D? Mambo ya karatasi ndo sijui kabisaaa. Asanteni.

kijana_wa_Makole

Chukua IST dada yangu usijiulize mara mbili. Spea kila duka, fundi yeyote anaijua, na siku ukitaka kuuza haikai wiki. Passo ni ndogo, ukiwa na watoto na mizigo ya Kondoa utabanana. Namba E kwa 9 ni bei ya kutupa hiyo.

FundiKizota

Kijana hapo juu kwenye spea uko sawa ila hiyo bei ya kutupa ndo ingemfanya dada asimame kwanza. IST namba E zinazotembea vizuri watu wanazitajia hela ndefu kuliko hiyo, sasa mtu mwenye gari isiyo na hata mchubuko kwanini aiache kwa 9 alafu akimbizane na wewe uwahi?

Mama Zuu mimi ni fundi huku Kizota, hizi Toyota ndogo ndo kazi yangu kila siku, ngoja nikueleze taratibu. Kwanza hizo herufi. Herufi kwenye kibati cha namba inasema gari imesajiliwa lini hapa Tanzania, haisemi imetengenezwa lini Japani. IST ya umbo la kwanza ilianza kutoka 2002 ikaishia 2007, hakuna ya 2012 wala ya 2015 kwenye umbo lile, kwaiyo hiyo namba E inaweza kuwa ya 2003 na hiyo Passo namba D ikawa ya 2006, yani mwenye D akawa mdogo kuliko mwenye E. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, soma pale. Inaniuma sana kuona watu wanaongeza milioni mbili tatu kwa ajili ya herufi moja alafu wanakosa hela ya kubadilisha hata tairi.

Hiyo ya pistoni tatu. Injini ya Passo cc 990 inaitwa 1KR, ndo hiyohiyo ipo kwenye Vitz ya pili ya cc 990, ina silinda tatu na inatumia cheni sio mkanda. Ikiwa imesimama inaunguruma utasikia inatetemeka kidogo, huo ndo mtindo wake wa silinda tatu, sio ugonjwa. Kinachoiua ni kukaukiwa oili. Ina sampu ndogo, yani lile beseni la oili chini ya injini, mwenye gari anasubiri taa iwake ndo aangalie stiki, wakati taa ya oili ikiwaka unakuta chuma kishaanza kulana na chuma. Ukiipimia oili kila jumapili na kubadilisha kwa wakati inakwenda miaka mingi, zipo hapa mjini nyingi tu zinapeleka watu Mtumba kila asubuhi na hazijafunguliwa mashine.

IST nazo zipo mbili. Angalia namba ya chasi, ikianza na NCP60 ni cc 1290, ikianza NCP61 ni cc 1490, na NCP65 ni hiyo 1490 yenye kuvuta tairi zote nne. Mafuta hazinywi sawa, kwaiyo mtu akikwambia tu "IST" muulize ipi. Hizi injini za 2NZ na 1NZ ni ngumu, tatizo ni kwamba nyingi sasa zimezeeka ringi za pistoni na zinakula oili. Inakuja ina oili mpya safi, baada ya wiki tatu stiki kavu.

Sasa ukaguzi. Nenda asubuhi saa 12 kabla mwenyewe hajaiwasha, na mwambie jana yake asiiwashe. Ukifika gusa boneti, ikiwa ya moto uliza kwanini. Injini ikiwa baridi ndo inasema ukweli. Washa swichi bila kupiga staata uangalie dashibodi, taa ya injini, ya oili, ya betri, ya eabegi zote lazima ziwake kwanza, ukipiga staata ndo zizimike. Kama taa ya injini haiwaki kabisa hata kwenye swichi ujue kuna mtu kaichomoa ili usione kitu. Simama nyuma ya egzosi mwenzio akanyage mafuta, moshi wa bluu ni oili inaungua, moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji yanaingia kwenye silinda, na hapo achana nayo. Mvuke mdogo wa asubuhi usikutishe.

Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa BARIDI, narudia baridi, utaungua. Hapa Dodoma hilo nalikazia kuliko yote. Maji yetu ya visima yana chumvi, watu wanajaza hayohayo kwenye rejeta miaka na miaka, ndani kunakuwa kutu tupu na tope jekundu, njia zinaziba, alafu jua la mwezi wa kumi na moja likichanganyika na foleni gari inachemsha na silinda hedi inapinda. Ukikuta maji mekundu kama ya tope, au kuna utando wa oili juu, hiyo gari ina gharama inakusubiri. Ikiwa na kuluanti (yale maji maalum ya kupozea injini) ya rangi safi ujue mwenyewe alikuwa anaijali.

Gia boksi: injini ikishapata moto, kanyaga breki, toa P peleka R, alafu D. Ikikaa sekunde mbili tatu ndo ishtuke "gdu" hiyo boksi imechoka. Barabarani gia zibadilike bila kuvuta mlio bure. IST na Passo 990 boksi zake ni za kawaida za gia nne zinatengenezeka, ila Vitz ya pili ya 1.3 ile SCP90 ina CVT, yani boksi isiyo na gia za hatua, inataka oili yake maalum, ukikutana nayo hakikisha haijawekewa oili yoyote tu. Uijaribu pia barabara mbovu, mitaa ya Nkuhungu inakutosha, kioo chini redio imezimwa, usikilize bushi na shokapu. Kata kona pande zote mbili mpaka mwisho wa usukani, ikilia "ta ta ta" joiti za ekseli zimekwisha.

Beba sumaku ndogo ya friji ufunge na kitambaa usichubue rangi, pitisha pembeni kwenye milango na matao ya tairi. Isiposhika hapo kuna puti, ule udongo wa kuzibia mabonde, imenyooshwa. Na gari iliyotoka Dar lazima ulale chini uangalie, chumvi ya bahari inakula chasi kimyakimya, juu inang'aa chini imeoza. Kilomita za kwenye saa usizitegemee, tazama raba ya pedo ya breki, usukani na kiti cha dereva. Kiti kimebonyea na raba imelika upande mmoja alafu saa inasema elfu sabini, hapana. IST nyingi za Dar zimefanya teksi mtandao usiku na mchana.

Tairi zina namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri lakini ni ya zamani, jua la huku limeshaikausha, na barabara ya Kondoa ndo itapasukia huko.

DadaWaIlazo

Mama Zuu mi naendesha Passo 990 hapahapa Dodoma, nimeinunua mkononi kwa mtu, watoto wangu watatu wanakaa nyuma vizuri tu. Mafuta ndo raha yake jamani, nikilinganisha na nauli za bajaji niliyokuwa natoa asubuhi na jioni naona tofauti kila mwisho wa mwezi. Lami ya Kondoa inakwenda bila shida, ila nisikudanganye, kwenye kilima ukiwa umejaza watu inalia, unazima AC unashusha gia unapanda pole pole, na lori la mbele usiliovateki mpaka uone mbali kabisa. Haubi sijafika ila njia za vumbi naenda nayo, unachagua pa kupita, makorongo mvua ikinyesha unasubiri.

Kitu kingine vumbi la huku. Fita ya hewa mi naitoa kuipuliza mara kwa mara, ukiisahau gari inakuwa nzito na mafuta yanapanda unabaki unalaumu gari. Sikuambii uchukue ya huyo mama bila kukagua, nakwambia tu usiidharau kwa maneno ya pistoni tatu.

Mzee_wa_Chamwino

Binti yangu, vijana wamekueleza chuma, mimi nikueleze karatasi, maana gari ikiharibika inatengenezwa lakini gari isiyo yako inachukuliwa.

Omba kadi halisi, siyo picha ya simu na siyo kopi. Jina la kwenye kadi liwe la yule anayekuuzia, na uone kitambulisho chake cha NIDA. Fungua boneti ulinganishe namba ya chasi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, herufi kwa herufi. Mtu akisema kadi ipo benki, au ipo kwa ndugu, au itafuata baadaye, ujue huenda imewekwa dhamana ya mkopo, na mkopo huo hautakuwa wake tena siku watu wa benki wakija nyumbani kwako. Kama jina ni la marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo mtoto mkubwa wala mjane kwa maneno matupu.

Deni la faini za barabarani linafuata namba ya gari. Ingiza namba hiyo kwenye mfumo wa TMS wa polisi kwa simu yako utaona kama linadaiwa, faini moja ni 30,000 na kuna gari zimebeba nyingi. Bima nayo unaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima. Zamani tungesema uangalie na leseni ya barabara ya mwaka, hiyo ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwaiyo mtu asikudai hela ya kitu hicho.

Mkataba wa mauziano muandikishane kwa wakili, na picha zenu na kopi za vitambulisho, fedha ipite benki ili ibaki na kumbukumbu. Usitume kishika uchumba, yaani hela ya kushikilia, kwa simu kwa gari ambayo hujaigusa. Baada ya hapo TRA kubadilisha umiliki, uwe na TIN yako. Kuna ada ya uhamisho 50,000, kadi mpya 10,000 na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, unapewa kontroo namba unalipa benki au kwa simu. Usikae na gari yenye jina la mtu mwingine mwaka mzima kama wengi wanavyofanya. Yule mtu akifariki, au akihama, au akikosana na mtu mahakamani, unaanza kumtafuta kwa taabu kubwa.

kijana_wa_Makole

Mzee hapo kwenye kadi nakuunga mkono. Ila kwanini asiagize tu Japani, anaepuka madalali wote hawa?

Mzee_wa_Chamwino

Kwa milioni 9 haitoshi, mwanangu. Gari iliyozidi miaka 10 tangu kutengenezwa inaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 30, na kabla ya hapo kuna ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake VAT asilimia 18, bado meli na bandari. Ya cc 1000 kushuka chini inasamehewa ushuru wa ukubwa wa injini tu, mengine yote inalipa. TRA wana kikokotoo kwenye tovuti yao, aweke aina na mwaka aone mwenyewe. Kwa aliye na 15 na kuendelea ningemshauri aagize.

MamaZuu_Nkuhungu

Jamani asanteni sana, nimesoma yote na nimeandika kwenye daftari. Leo nimerudi na majibu.

Dalali wa IST nilimwambia nakuja na fundi saa 12 asubuhi na nitaomba kuona kadi. Akasema mwenye gari yuko Dar, kadi anayo yeye, ila nikitoa laki tano ya kushikilia ataituma kwa basi. Nikamuuliza namba ya chasi akasema nitaiona nikishalipa. Nimeachana nayo, na huyo mtu wa Kisasa aliyetoa ahadi sijui kaishia wapi maana dalali bado ananipigia.

Passo nimeenda na fundi ndugu yangu wa hapa mtaani. Boneti baridi, taa zote zimewaka zikazimika. Chasi inaanza KGC10 na inafanana na kadi, kadi ya jina lake, mwaka 2007. Moshi hakuna. Rejeta ina kuluanti ya kijani. Plagi moja katika zile tatu ndo ilikuwa nyeusi, fundi anasema koili ya hiyo silinda, kile kinachopeleka umeme kwenye plagi, inaanza kuchoka. Shokapu za mbele zinagonga, tairi mbili za nyuma zinasoma 2016. TMS kuna faini moja amesema anailipa mwenyewe kesho. Tumeshuka mpaka 7,200,000. Sasa nauliza, hiyo koili ni jambo kubwa? Na hii hela inayobaki nianze na nini?

FundiKizota

Hongera dada, hiyo ndo inavyotakiwa. KGC10 ni sahihi kwa Passo ya 990. Huyo wa laki tano umpige bloku kabisa.

Koili sio jambo kubwa, ila plagi nyeusi inaweza kuwa koili na inaweza kuwa oili inapanda kwenye silinda hiyo, kwaiyo kabla hujalipa fanya kitu kimoja: fundi ahamishe koili ya silinda hiyo aipeleke ya jirani, muizungushe gari mpaka Msalato na kurudi, alafu mchomoe plagi tena. Weusi ukihama na koili basi ni koili, badilisha uendelee. Weusi ukibaki kwenye silinda ileile na plagi ina mafuta mafuta, apime kompresheni (nguvu ya kubana hewa) silinda zote tatu, ikitofautiana sana hapo au bei ishuke kweli au uiache. Na weusi mkavu kama masizi ni tofauti na weusi wa unyevu wa oili, shika kwa kidole utajua.

Ikipita hapo, hela inayobaki. TRA kwa 7,200,000 stempu ni kama 72,000, ukijumlisha uhamisho na kadi ni 132,000, japo TRA wanaweza kuitazama thamani kwa macho yao. Bima ndogo ya mtu wa tatu ni laki moja na VAT yake, 118,000. Kwaiyo weka 250,000 pembeni usiiguse. Alafu tairi zile mbili za 2016, hizo ndo za kwanza kabla ya shokapu, kabla ya redio, kabla ya viti vya ngozi, na ukiweka mpya mbili ziende nyuma hata kama gari inavutia mbele, maana ya nyuma ikipasuka kwenye mwendo gari inakuzunguka. Baadae oili na fita zote siku hiyohiyo hata kama anasema kabadilisha juzi, uanze kuhesabu wewe mwenyewe. Shokapu za mbele zinaweza kusubiri mwezi wa pili wa kuendesha kama hazijavuja. Pembetatu mbili na mtungi wa zimamoto angalia kama vipo, trafiki wataviulizia.

Inayobaki usiimalize, iache benki iwe akiba ya gari.

DadaWaIlazo

Na Mama Zuu kabla ya kwenda Haubi endesha kwanza wiki kadhaa hapahapa mjini uizoee. Barabara ya Ihumwa asubuhi ina malori na haraka nyingi, ukipita penye makazi mwisho ni spidi 50, kamera za trafiki zipo.

Mzee_wa_Chamwino

Faini ahakikishe ameilipa KABLA hamjasaini, uingie tena TMS uone haipo. Siku ya TRA nendeni wote wawili asubuhi mapema, na mkishamaliza mkataba ukate bima kwa jina lako palepale, usiendeshe gari kurudi Nkuhungu kwa kutegemea bima iliyobaki ya yule mama.

MamaZuu_Nkuhungu

Nimeelewa mzee wangu, shikamoo. Fundi kesho mchana tunazungusha koili tunaenda Msalato, nikirudi naandika plagi imesemaje.